Mrejesho: Nilivyojaribu kuacha kukesha na simu

Miezi minne iliyopita niliwaomba ushauri baada ya kushindwa mara kadhaa kuacha kukesha na simu, nami narudi kuwashukuru kwa dhati nyote mlionijibu. Nilianza na ule ushauri wa kukitambua kikwazo kabla ya kuweka lengo, nikagundua kwamba niliikimbilia simu kila nilipolala na wasiwasi wa kazi. Basi nikajiwekea kanuni kwamba wasiwasi ukinijia nitauandika kwenye daftari, na simu itabaki sebuleni.

Aliyenieleza kuhusu utafiti wa University College London, ulioonyesha kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, kukiwa na tofauti kubwa ya kati ya siku 18 na 254, alinisaidia kuliko anavyodhani, kwani awali nilikuwa nikikata tamaa baada ya wiki tatu tu.

Sasa nalala kabla ya saa tano usiku karibu siku tano kwa wiki. Ijumaa na Jumamosi bado zinanishinda, na lengo la kuamka saa kumi alfajiri nimeliacha kabisa, kwa sababu halikulingana na majukumu yangu. Daftari ninaendelea nalo.