Wakuu, inhela ya bluu inanisaidia ila hii nyingine sioni kazi yake, niiache?

Kifua Kizito (mleta uzi)
Wakuu habari za muda huu. Nina miaka 34, huu mwezi wa pili tangu niambiwe nina pumu, utotoni sikuwa nayo kwa hiyo hata kukubali imenichukua muda. Nilipewa inhela mbili, ya bluu nivute nikibanwa, ya kahawia nivute asubuhi na jioni hata kama niko poa. Sasa ya bluu jamani ni mkombozi, nikivuta dakika tano haziishi kifua kimefunguka. Hii ya kahawia nilivuta siku nne sikuona kitu, siku ya tano nikaisahau, ya sita nikaisahau kwa makusudi 😅 na wife kasikia sehemu ina steroidi, eti ukishaanza mwili unazoea huachi tena, nikaona isiwe tabu. Shida usiku naamka saa tisa kifua kinapiga filimbi, navuta bluu narudi kulala. Inhela mbili za bluu zimeshaisha, jana nimeanza ya tatu. Niombe ya bluu yenye nguvu zaidi au?

Nesi wa Zamu
Pole mkuu, ila hiyo uliyoiacha ndo dawa yenyewe. Pumu ni njia za hewa zimevimba kwa ndani, bluu (salbutamoli) inalegeza tu misuli inayozibana, baada ya saa nne mpaka sita imekwisha nguvu na uvimbe uko pale pale. Kahawia ndo inashughulika na uvimbe, na siku nne hazitoshi, ipe wiki mbili tatu. Halafu hutaisikia ikifanya kazi kama unavyoisikia bluu, utashtuka tu siku umelala mpaka kumekucha.
Piga hesabu kidogo: inhela moja ya bluu kwa kawaida ina mipulizo 200, mbili ni 400, gawa kwa siku 60, unavuta zaidi ya mara sita kwa siku. Miongozo ya kimataifa inasema ukimaliza tatu kwa mwaka tayari uko kwenye hatari ya kubanwa vibaya. Wewe ni miezi miwili. Rudi kwa daktari wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi.

Sina Baya
Mi niliacha zote mwaka jana, niko fresh kabisa. Hizi kemikali ni biashara za watu, fanyeni mazoezi ya pumzi.

Jogoo Mweusi
@Sina Baya nilikuwa naongea hivyo hivyo. Pumu inalala inaamka, miezi nane nilikuwa fresh, ikaja mafua ya kawaida tu nikashindwa kutaja jina langu pale mapokezi, nikawa naonyesha kifua kwa kidole. Na hiyo steroidi niliyokuwa naikimbia? Nikamezeshwa ya vidonge siku tano, miligramu 40 kila siku. Ya kuvuta ni mikrogramu, mia mbili mia nne hivi, miligramu 40 ni mikrogramu elfu arobaini. Najua dawa tofauti hazilinganishwi hivyo moja kwa moja ila upate picha, nilikimbia kijiko nikaangukia ndoo.

Nesi wa Zamu
Na dalili hiyo ya kushindwa kumaliza sentensi, au midomo kubadilika rangi, hapo vuta bluu huku unaelekea hospitali, sio kusubiri asubuhi.
@Kifua Kizito swali, ukibonyeza inhela, kuna moshi mweupe unaonekana unarudi mdomoni?

Kifua Kizito
Upo, tena mwingi, nilidhani ndo kawaida.

Nesi wa Zamu
Basi hata ile ya siku nne hukuivuta, umeipulizia ulimi. Tikisa, toa hewa yote, anza kuvuta taratibu ndo ubonyeze huku unaendelea kuvuta, kisha bana pumzi mpaka uhesabu kumi. Mpulizo wa pili subiri nusu dakika hivi. Ukishindwa kuoanisha omba speisa, lile chupa la plastiki la kuunganishia, sio la watoto tu. Ukimaliza ya kahawia sukutua uteme, la sivyo unaweza kupata fangasi mdomoni. Na msikariri rangi, watengenezaji wanatofautiana, soma jina.

Binti wa Mzee
Samahani nadandia uzi. Baba kavuta sigara miaka 40, juzi kapulizishwa kile kipimo wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu. Kapewa dawa ya unga ya kuvuta mara moja kwa siku, ila anasema kama haiponyi ya nini, na kweli haimsaidii.

Nesi wa Zamu
Yaliyoharibika hayarudi, hilo kweli, ila akiacha sigara uharibifu unapunguza mwendo, hata kwa umri wake. Dawa inampunguzia kuhema na zile vipindi za kuzidiwa. Ya unga anavuta kwa nguvu, tofauti na ya mpulizo, na asipulizie hewa ndani ya kifaa. Ni ya kapsuli? Anaiwekaje?

Binti wa Mzee
Ngoja nimpigie.
...
Jamani. Anaimeza na maji. Kifaa kiko kabatini bado kwenye boksi 🤦🏾‍♀️

Nesi wa Zamu
Usimcheke, hayuko peke yake, mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa sababu hiyo hiyo. Ikimezwa haifiki kwenye mapafu. Mpeleke na kifaa chake wamwonyeshe, kisha yeye arudie mbele yao.

Kifua Kizito
MREJESHO, wiki ya tatu. Daktari hakunipa kitu kipya, kanipa speisa na kanisimamia nivute mbele yake mara tatu, ya kwanza nilikosea. Kahawia naiweka kwenye kikombe cha miswaki, navuta ndo napiga mswaki, sisahau tena na kusukutua kumo humo. Bluu wiki hii nimeigusa mara moja. Wife ndo ananiambia sikoromi kifua, mimi nilikuwa nimelala.

Binti wa Mzee
Baba anavuta vizuri sasa, ngazi anapanda akipumzika mara moja badala ya tatu. Sigara bado, katoka kumi kaja tatu, na anataka nimdai mfamasia zile kapsuli alizomeza 😂