Naomba ushauri wakuu: uzamili wa uhusiano wa kimataifa au utawala wa umma?

Mwenye Safari: Habari za muda huu wakuu. Nina ajira ya kudumu serikalini, idara ya mipango, ila ndoto yangu ni Umoja wa Mataifa (UN). Graduate Institute ya Geneva wamenikubali, uhusiano wa kimataifa, miaka miwili. Chuo kingine kimenipa utawala wa umma, mwaka mmoja. Kazini nitaomba ruhusa ya masomo. Nichague ipi? Siku ya mwisho ya kuthibitisha imekaribia na usingizi sipati.

Mstaafu Mwema: Wote mkikimbilia nje, idara mnamwachia nani? Mimi nilisukuma faili la mradi mmoja wa maji meza hadi meza mpaka likasainiwa. Leo watu wanachota. Huo nao ni utumishi, kijana.

Dada Bajeti: Shikamoo mzee, ila hajauliza hilo. Mleta uzi, ada analipa nani? Na una miaka mingapi?

Mwenye Safari: Akiba yangu na mkopo. Umri unahusikaje? Nimeuliza kozi.

Dada Bajeti: Unahusika kuliko kozi. Kijana anayetaka kuingia Sekretarieti ya UN anategemea sana mtihani wa YPP, ile programu ya UN ya kuajiri wataalamu vijana. Mwaka wa mtihani usiwe umevuka miaka 32, na nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Shahada ya kwanza inatosha. Ukifaulu unawekwa kwenye orodha ya kusubiri, kazi haiji papo hapo. Sasa sema umri.

Mwenye Safari: Natimiza 31 mwaka huu.

Dada Bajeti: Basi ukitoka Geneva una 33. Mtihani kwaheri.

Kalamu Nyeusi: Mimi niliwahi kujitolea shirika moja la kimataifa, bila malipo. Mchana naandika muhtasari wa kikao cha mabalozi, jioni nagawana chumba na wenzangu na tunapigana vikumbo kwenye jiko moja. Watu wanaona suti tu.

Mwenye Safari: Lakini nafasi za P-3, ngazi ya kitaalamu ya kati huko UN, kwa kawaida zinataka uzamili na uzoefu wa miaka mitano. Bila uzamili nitaishia wapi?

Dada Bajeti: Uzamili utausoma, hakuna anayekukataza. Kofi Annan, yule aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa UN, aliingia Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1962, kwenye mambo ya utawala na bajeti. Uzamili wake wa MIT, chuo cha Marekani, tena wa menejimenti, aliupata 1972, ameshakuwa mtu wa UN. Na huo uzoefu unaotakiwa ndio unaoupata hapo idarani. Omba ruhusa ya masomo, kiti chako kikusubiri.

Mwenye Safari: Ruhusa haipo tena. Barua ya kuacha kazi nimeshapeleka. Msinihukumu, mtu lazima awe na msimamo.

Nakaa Pale: Subirini kwanza. Juu umeandika "nitaomba ruhusa", sasa umeshaacha kazi? Wakuu, hii chai, na tangawizi imezidi.

Kalamu Nyeusi: Hata mimi nimeshtuka. Akaunti yenyewe mpya.

Mstaafu Mwema: Kwa hiyo faili langu la maji nimemsimulia mtunzi wa hadithi?

Mwenye Safari: Si chai! Nilificha kwa sababu nilijua mtanishambulia kabla ya kujibu swali. Akaunti ni mpya kwa kuwa ofisini wananijua kwa ile ya zamani.

Nakaa Pale: Hayo hata mimi naweza kuyaandika.

Dada Bajeti: Iwe kweli iwe uongo, kuna wengine wanasoma na wana barua kama hiyo mkobani. Mwenye Safari, nijibu moja tu: barua imegongwa muhuri wa kupokelewa?

Mwenye Safari: Bado. Karani wa masijala hakuwepo, niliiacha kwenye trei yake.

Mstaafu Mwema: Masijala hufunguliwa asubuhi mapema. Uwe mlangoni kabla yake, uichukue. Kisha kaandike ya kuomba ruhusa.

Mwenye Safari: Nikishaichukua nitarudi kuwaambia. Ila Geneva bado naitaka.

Dada Bajeti: Itake. Tangazo la YPP likitoka, nenda ukaangalie kama nchi yako imo.