Naomba ushauri: panya au simbilisi kwa utafiti wa mafua?

Wakuu habari zenu, nafanya masta kwenye virusi vya influenza na supavaiza ananibana nitumie panya weupe eti ni rahisi kuwatunza, lakini swali langu ni virusi vinavyosambaa kwa hewa, na panya unamdondoshea virusi puani mpaka manyoya yanasimama na uzito unashuka, ila wa kizimba cha jirani unamkuta mzima kabisa.

Fereti (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche) ndo anapiga chafya kama mtu, na ndo waliomtumia London 1933 kupata kirusi cha mafua ya binadamu, ila gharama zake siziwezi. Simbilisi wanaambukizana vizuri ila dalili hawaonyeshi.

Aliyewahi kufanya na simbilisi, mlikuwa mnawaosha pua (kupata sampuli ya kupima virusi) kila baada ya siku ngapi? Na supavaiza nimwambieje? Sitaki wanyama wateseke kwa jaribio lisilojibu swali.