Ripoti ya UPR kuhusu ukeketaji Dodoma: tuanzie wapi?

chamwino_azaki:
Wakuu, habari za leo. Shirika letu ni dogo, limesajiliwa kwa Msajili wa NGO, tunapambana na ukeketaji Chamwino na Bahi. Duru ijayo ya Tanzania kwenye UPR kule Geneva (mapitio ya UN ambapo nchi nyingine huikagua nchi kuhusu haki za binadamu na kuipa mapendekezo) tunataka Kanda ya Kati isikike. Hatuna hadhi ya ushauri ya ECOSOC, Baraza la Uchumi na Jamii la UN. Ripoti yetu itapokelewa? Iwe ndefu kiasi gani, na kwa lugha ipi? Mjumbe mmoja wa bodi anasema tuachane na Geneva, twende Mahakama ya Afrika, kwani Arusha si mbali.

kalamu_kati:
Itapokelewa. Hadhi ya ECOSOC inahitajika kuzungumza ukumbini Baraza la Haki za Binadamu linapopitisha matokeo, si kuwasilisha ripoti. Shirika moja lina maneno 2,815, ripoti ya pamoja 5,630, bila kuhesabu tanbihi na viambatisho. Inatumwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa UN, kwa lugha rasmi ya UN, hasa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Wekeni namba kwenye kila aya.

Kumbukeni hatima ya ripoti hiyo: za wadau wote zinabanwa kwenye muhtasari mmoja wa kurasa 10. Mkiandika mambo kumi, mtabahatika kupata nusu sentensi. Shikeni moja. Na mkijiunga na ripoti ya pamoja, daini aya yenu wenyewe, la sivyo Dodoma itamezwa ndani ya "baadhi ya mikoa".

Kwenu hoja ipo wazi. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 1998, kinamlenga mwenye malezi ya mtu wa chini ya miaka 18: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote. Mwanamke wa miaka 19 hayumo, na hiyo "au" inaacha mlango wa faini peke yake. Sasa linganisheni mapendekezo mawili: "Serikali iongeze juhudi za kutokomeza ukeketaji" na "Serikali irekebishe kifungu cha 169A kimlinde mwanamke wa umri wowote". La kwanza litakubaliwa siku hiyohiyo na hakuna atakayeweza kupima kama limetekelezwa. Andikeni la pili.

mtafiti_mpwapwa:
Naongezea kuhusu ushahidi, maana hapo ndipo ripoti nyingi za mikoani zinapolegea. Kila mtu ananukuu utafiti wa kitaifa wa 2015-16: Dodoma asilimia 47, taifa asilimia 10. Takwimu ni sahihi, ila ni za wanawake wa miaka 15 hadi 49, wengi wao walikeketwa zamani. Haziwaoni watoto wachanga. Huku kwetu ukeketaji umehamia kwa vichanga kwa kisingizio cha lawalawa: mtoto akiwashwa au akipata maambukizi ukeni, bibi anasema dawa ni kukata. Hakuna ngoma, hakuna sherehe, jirani hajui. Kwa hiyo chanzo chenu ni kliniki ya mtoto na dawati la jinsia na watoto la polisi: kesi ngapi zimefunguliwa, ngapi zimefika mahakamani, ngapi zimekwama kwa sababu shahidi ni mama mzazi ambaye ndiye mshtakiwa. Ombeni kwa barua rasmi, mtunze nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Hata wasipojibu, barua hiyo ni ushahidi.

Kingine, ripoti hutangazwa mtandaoni na jina la shirika likiwemo, na ya siri haitumiki. Kuficha jina la mtoto hakutoshi. Ukiandika "mama wa mapacha, kitongoji fulani", kijiji kizima kimeshamjua. Ishieni kwenye wilaya, na orodha ya majina na alama za siri mnazotumia badala yake ikae mbali na faili la ripoti.

wakili_area_c:
Kuhusu Arusha: mlango huo umefungwa. Tanzania iliondoa tamko lake la kifungu cha 34(6) cha itifaki ya Mahakama hiyo, lililoruhusu watu na NGO kuishtaki moja kwa moja, Novemba 2019, na tangu 22 Novemba 2020 mtu binafsi au NGO hawezi kufungua shauri jipya dhidi yake moja kwa moja. Tume ya Afrika, Banjul, bado ipo. Kamati ya CEDAW, inayosimamia mkataba wa UN wa haki za wanawake, pia ipo, kwa sababu Tanzania iliridhia mwaka 2006 itifaki yake ya hiari, inayoruhusu malalamiko ya mtu binafsi. Lakini kote huko utaulizwa kwanza kama umemaliza mahakama za ndani, au kwa nini hukuweza.

Someni shauri la wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa nyumba kwa sheria ya kimila. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kuna ubaguzi ikakataa kuibatilisha sheria. Rufaa ikakaa miaka minne, kisha ikatupwa kwa kosa la tarehe kwenye hati. Ndipo CEDAW ikapokea malalamiko yao, ikawapa haki mwaka 2015. Mwambieni mjumbe wenu njia hiyo inataka mwathirika aliye tayari kusimama miaka kumi. UPR haimtaki mtu asimame popote.

chamwino_azaki:
Ahsanteni sana. Tukishatuma tunasubiri tu?

kalamu_kati:
Hapana! Mapendekezo hutolewa na nchi, si na ofisi ile. Andaeni karatasi moja ya A4, mapendekezo mawili au matatu, mpeleke kwa balozi wiki kadhaa kabla ya kikao, kwa sababu hotuba huandikwa makao makuu ya nchi hizo. Balozi nyingi zipo Dar, tengeni nauli. Chagueni nchi nne au tano ambazo zilishaisemesha Tanzania kuhusu ukeketaji duru zilizopita. Ripoti za zamani zinaonyesha nani alisema nini. Kila nchi ina dakika chache mno, hivyo pendekezo likizidi sentensi moja litakatwa. Nakala moja mpitishe pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wapo hapahapa Dodoma.