Tupeane uzoefu: mgeni uliyesoma Unguja au Pemba, kazi ya kwanza ya kutengeneza programu uliipataje?

BintiMoroni
Assalaam alaykum jamani. Jana usiku mdogo wangu kanipigia kutoka dahalia analia. Yupo mwaka wa mwisho wa kompyuta hapa Unguja, kaomba kazi huku na huku, na kila anapofika swali la kwanza ni "una kibali cha kazi?". Hakuna anayemuuliza anajua kufanya nini. Nikakumbuka yangu yote, usingizi ukaruka.

Mie Mngazija. Nilikuja kusoma hapa simjui mtu isipokuwa ami yangu mmoja wa Malindi. Usaili wangu wa kwanza niliwekwa mbele ya kompyuta ya ofisi nikaambiwa niandike fomu ya kupokea wageni wa hoteli. Sasa mie nimekulia kwenye kibodi ya Kifaransa. Kwetu A imekaa pahala pa Q, M ipo pembeni ya L, namba huzipati mpaka ubonyeze shift. Kila nikitaka kufungua mabano natoa alama nyengine. Vijana wawili wamesimama nyuma yangu wananong'ona, nawasikia. Nikamgeukia msimamizi nikamwambia: "Kaka, niruhusu nibadilishe mpangilio wa kibodi, halafu ndio unipime." Akakubali. Pale nikaandika bila kutazama vidole, na wale wawili wakanyamaza.

Kazi niliipata. Lakini kati ya kuambiwa "tumekukubali" na kushika kibali mkononi, skwambieni. Nilikaa nyumbani naogopa hata kupita karibu na ofisi.

Wakomoro, Wakenya, Waganda, Wakongo, na nyinyi wa chuo cha pale Bweleo, hebu semeni. Nataka mdogo wangu asome humu.

Seva_ya_Mwembetanga
Dada umenitonesha. Hilo "una kibali?" mie liliwahi kunirudisha kwetu.

MkenyaWaMjini
Mimi natokea Mombasa, ile ya Kenya, siyo Mombasa ya hapa karibu na Kwerekwe. Wakongwe mtakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme, waya wa baharini umeharibika. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Chuoni maabara imefungwa, mtaani jenereta zinanguruma mpaka kichwa kinauma. Kulikuwa na hoteli Shangani, jenereta lao linawashwa Magharibi mpaka usiku wa manane. Nikaenda nikamwomba meneja niwe nakaa pale kwenye kona na kompyuta yangu nisome, nami nitamsaidia chochote.

Kumbe shida yake kubwa ilikuwa maombi ya vyumba. Umeme ukikatika katikati, faili linaharibika, wageni wawili wanapewa chumba kimoja. Nikamwandikia kijiprogramu kinachohifadhi kila kitu kwenye diski kila mstari unapoingia, na asubuhi kinatoa orodha ya kuchapisha. Basi. Umeme uliporudi hakuniacha. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, na yeye ndiye aliyenihangaikia kibali.

Ushauri wangu: msikatae kazi ya bure mwanzoni. Ukae pale watu wakuone.

Zuhura_wa_Fuoni
Kaka MkenyaWaMjini, kwa heshima zote, hapo sikubaliani na wewe. Usifanye bure hata siku moja. Ukizoeleka bure, siku ukitaja pesa unaonekana una tamaa.

Kijana_Jangombe
Na sisi wazawa je? Nimemaliza na shahada yangu, nipo kibarazani. Mnaeleza namna ya kuingia kwenye kazi ambazo sisi wenyewe hatuzipati.

BintiMoroni
Kijana, nakuelewa na uchungu wako ni wa haki. Ila mada niliyoweka ni ya wageni. Fungua ya wazawa, nitakuja kuandika ninachokijua.

Kijana_Jangombe
Haiwezekani kutenganisha. Nafasi ni zile zile.

MkenyaWaMjini
Nafasi si zile zile ndugu yangu. Hoteli inayotaka mtu wa kuzungumza na mawakala wa Ufaransa kwa Kifaransa na kuunganisha mifumo yao, huyo ni BintiMoroni. Wewe hujazuiliwa.

Mtoto_wa_Bukavu
Nilikuwa napita tu, lakini hili la kibali limenifanya nikae chini niandike.

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Kampuni moja ya kutembeza watalii, Mji Mkongwe, siitaji. Tajiri akaniambia njoo ufanye fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, ukimaliza nakuajiri. Nikamtengenezea mfumo wote: mgeni anachagua safari, pomboo Kizimkazi, kobe wa Changuu, mashamba ya viungo, analipa arubuni, dereva anapata ujumbe kwenye simu. Fildi ikaisha, nikaendelea kuja kila siku, mshahara hauji. Nikiuliza naambiwa "kibali chako kinashughulikiwa". Pasipoti yangu akaichukua, ati inatakiwa Uhamiaji. Ikakaa kwenye saraka ya meza yake.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa saba, msimu umepamba moto. Wakaingia maofisa wa ukaguzi. Mimi nipo kwenye kona, skrini wazi, natafuta hitilafu moja: nahodha mmoja alikuwa anapangiwa boti mbili kwa saa moja. Ofisa akauliza, "Na huyu nani?" Tajiri akajibu hapo hapo: "Mteja. Anaulizia safari ya pomboo."

Masikio yalinivuma. Wale niliokula nao urojo mchana ule ule, wote wakainamisha vichwa. Ofisa akaja akasimama nyuma yangu. Juu ya skrini, upande wa kulia, pameandikwa jina langu na chini yake "msimamizi wa mfumo". Akalisoma. Akanitaka pasipoti. Na pasipoti imo kwenye saraka ya mtu aliyesema mimi ni mteja.

Naingia zamu, nitarudi.

Zuhura_wa_Fuoni
Ewe Mola!! Hapa ndio unapotuacha?

Seva_ya_Mwembetanga
Malizia bwana, nimeacha chai inapoa.

Laravel_na_Halua
Wakati tunamsubiri: mdogo wake BintiMoroni ajifunze Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, watu wa hapa wanataka kitu cha kwenye simu.

Seva_ya_Mwembetanga
Ajifunze PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Mifumo mingi ya maduka na skuli hapa mjini imeandikwa kwa PHP, na kazi ya kwanza mara nyingi ni kurekebisha cha mtu mwengine.

Laravel_na_Halua
Jina langu mwenyewe linasema PHP naijua, Laravel si ni ya PHP. Nasema simu ndio mlango.

Mpemba_Ughaibuni
Mie wa Wete, nipo Ujerumani, nimesoma huku. Huku pia ni hayo hayo, ila sheria imeandikwa na kila mwajiri anaijua. Tangu Machi 2024 mwanafunzi asiye wa Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kabla ilikuwa 120 na 240. Ukimaliza shahada unapewa mpaka miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yako. Nilianza kama mfanyakazi mwanafunzi kwenye kampuni ndogo, barua pepe zao zote Kijerumani, nazisoma na kamusi pembeni. Waliponipa mkataba kamili hakuna aliyeniuliza habari za kibali kwa hofu, waliniuliza kwa utaratibu. Hapo ndipo nilipoona nyumbani tunakosa nini: mwanafunzi mgeni akimaliza, angepewa muda unaojulikana wa kutafuta kazi.

Kijana_Jangombe
Mada ni Zanzibar au Ujerumani?

Mpemba_Ughaibuni
Mada ni mwanafunzi mgeni. Mie ni mgeni huku kama BintiMoroni alivyokuwa mgeni huko. Soma kwa utulivu, mwanangu.

Mtoto_wa_Bukavu
Nimerudi.

Nilimwambia ofisa: pasipoti yangu imo kwenye ile saraka. Tajiri akadai ufunguo kaondoka nao mkewe. Nikaandikiwa nifike ofisini kwao na pasipoti. Nikarudi Kikwajuni nilipopanga chumba. Bibi mwenye nyumba akaona sijagusa chakula, akanibana mpaka nikasema.

Asubuhi akavaa buibui lake, akanishika mkono kama mtoto wa skuli, tukaenda. Akaingia, akasalimia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akamwambia tajiri: "Mwanangu, nimefuata pasipoti ya kijana wangu. Mie bibi yako namjua, tukichota maji bomba moja." Watalii wanaingia, wanatoka, Bibi kakaa. Ikafika adhuhuri, akaomba mkeka asali. Akasali pale pale, akarudi kwenye kiti. Ufunguo ukapatikana kabla ya alasiri. Pesa zangu alitoa baadhi, nyengine mpaka leo.

Kule ofisi ya Kazi nilieleza kweli tupu na nikaonesha ujumbe wake wote kwenye simu. Mama mmoja akanisomesha, akanipa na karatasi. Ukaazi wa mwanafunzi ni daraja C, haukuruhusu kuajiriwa. Kibali cha kazi anayeomba ni mwajiri, si wewe, na kwa hapa kinatoka Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar. Ukishakipata ndio unabadilisha ukaazi kuwa daraja B. Maneno hayo ningeambiwa siku ya kwanza chuoni, yasingenikuta yaliyonikuta.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilitoka kwa Bibi huyo huyo. Mpwa wake ana duka la jumla Mlandege, madeni yote yamo kwenye daftari. Bibi alimtuma mpwa huyo kwa kampuni ninayofanya sasa, inayouza mifumo ya maduka, akawaambia "mwiteni kijana wangu mumuone". Wakaniita, wakanipima, wakaniombea kibali, nikasubiri mpaka kikatoka ndio nikakaa mezani.

Zuhura_wa_Fuoni
Mungu amweke Bibi huyo. Nimelia.

Mzee_wa_Faili
Pole sana, lakini tuseme ukweli, kijana alikuwa anafanya kazi bila kibali. Sheria ni sheria.

BintiMoroni
Mzee wangu, aliambiwa ni fildi, akaambiwa kibali kinashughulikiwa, akanyang'anywa pasipoti. Wa kuulizwa kwanza ni aliyeifungia saraka.

Mzee_wa_Faili
Sijasema tajiri hana makosa. Nasema mwanafunzi asikubali kukaa ofisini siku moja baada ya barua ya fildi kwisha. Hiyo barua ina tarehe. Ikifika, funga kompyuta urudi nyumbani.

Mtoto_wa_Bukavu
Mzee, hapo nipo na wewe. Na pasipoti asipewe mwajiri abaki nayo. Nakala inatosha, asili ukaipeleke mwenyewe.

Laravel_na_Halua
Mie nilisikia unaweza kuomba kibali cha Bara kwa mtandao, kisha ukafanya kazi huku.

Mzee_wa_Faili
Hapana, usimpoteze mtoto wa watu. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kazi si la Muungano. Ile sheria ya 2015 ya kuajiri wageni ni ya Tanzania Bara. Kibali cha Dar es Salaam hakikusaidii Fumba.

MkenyaWaMjini
Na sisi wa Afrika Mashariki tusijidanganye. Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 haijafuta kibali. Mkataba ukizidi siku 90, kibali kinatakiwa kiombwe. Kongo nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Wakomoro bado wapo nje, kwa hiyo kila mmoja aulize la kwake.

Laravel_na_Halua
Basi aolewe hapa hapa, yaishe 😄

Zuhura_wa_Fuoni
Aolewe akimpenda mtu. Kibali cha kazi atatakiwa nacho vile vile.

Fundi_wa_Mifumo
Mie ndie ninaeajiri, kampuni yangu ndogo, nimeshawaombea vibali wageni. Nasema ninavyotazama.

Akija mtu kwangu sitaki kurasa nne za vyeti. Namwambia nioneshe kitu ulichotengeneza kinachofanya kazi. Akifungua, nazima intaneti mbele yake. Wateja wangu wapo Paje, Jambiani, Nungwi, mtandao unakwenda unarudi. Kama fomu imepoteza alichoandika mgeni, tunazungumza kuhusu hilo. Simfukuzi, nataka kusikia anafikiri vipi. Mmoja alinyamaza kidogo, akaomba kalamu, akachora pale pale namna ya kuweka kumbukumbu kwenye simu kwanza na kuzipeleka kwenye seva mtandao ukirudi. Nikamchukua huyo. Pia namuuliza habari za risiti za kielektroniki za ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, maana duka lolote hapa litakuuliza.

La pili: mgeni aje na bahasha yake tayari. Vyeti vilivyothibitishwa, nakala ya pasipoti, nakala ya ukaazi, picha. Waajiri wengi wadogo hawakatai kwa roho mbaya, wanaogopa usumbufu wasioujua. Natakiwa nieleze kwa nini sikumpata mzawa wa nafasi ile, kwa hiyo mgeni anisaidie kusema anacho nini. BintiMoroni ana Kifaransa, sababu hiyo inaandikika.

Na Kijana_Jangombe, wewe unatengeneza nini? Niandikie faragha. Nina wateja wa maduka wanaotaka mtu wa kuwafikia kwa miguu.

Kijana_Jangombe
Nimekuandikia, shukran.

MkenyaWaMjini
Narudia: akae mahala watu wamuone.

Zuhura_wa_Fuoni
Narudia: akae akilipwa.

Chake_Mtandaoni
Na Pemba? Nyote mnasema mjini. Mimi Mganda, nasoma huku, hakuna kampuni hata moja ya programu karibu yangu.

Mpemba_Ughaibuni
Chake, usitafute kampuni ya programu. Tafuta aliye na karatasi nyingi. Skuli binafsi, wenye maduka ya dawa, wanunuzi wa mwani, wakala wa tiketi za boti Mkoani. Omba barua ya fildi chuoni kabla ya mwezi wa saba, uende nayo mkononi.

Fundi_wa_Mifumo
Nina mteja Chake Chake, duka la dawa, mfumo wake unagoma kila mwisho wa mwezi na mie siwezi kupanda boti kila mara. Ikiwa barua ya fildi unayo, nitumie. Nauli na chakula nalipa mie, na tarehe ya mwisho tunaiandika.

Chake_Mtandaoni
Barua naichukua kesho. Duka lipo upande gani, soko au hospitali?