Vinasaba vikikutwa eneo la tukio, vinathibitisha nini hasa?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mara kwa mara nasikia kwamba mshtakiwa ameachiwa huru ijapokuwa alama za vidole au vinasaba vyake vilikutwa mahali pa uhalifu. Iwapo maabara imekwisha kusema kwamba ni vyake, mahakama inabakiwa na shaka gani?

Jibu la kwanza
Maabara hueleza ni vya nani. Kwa kawaida haiwezi kueleza vilifika lini wala kwa njia gani. Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, ndiye anayehusishwa na kanuni kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja huachia kingine chembe zake. Kanuni hiyo haimbagui mhalifu na mgeni wa kawaida, kwani hata aliyeketi kwenye kiti siku iliyotangulia huenda ameacha unywele. Kwa hiyo mpelelezi makini hutazama kielelezo kilikuwa wapi: alama ya kidole kwenye kitasa cha mlango wa duka haina uzito mkubwa dhidi ya mteja wa duka hilo, lakini alama hiyo hiyo ikiwa kwenye sanduku la fedha lililo chumba cha ndani, mteja huyo ana jambo la kueleza. Vinasaba vina utata zaidi, maana vinaweza kuhama kwa kupeana mikono tu.

Jibu la pili
Naongeza hatari ya uchafuzi. Nchini Ujerumani, Ufaransa na Austria, polisi walimsaka kwa miaka mingi mwanamke asiyejulikana ambaye vinasaba vyake vilijitokeza katika matukio yasiyofanana hata kidogo, yakiwemo mauaji ya askari polisi wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwa mhalifu, bali mfanyakazi wa mahali vilikotengenezwa vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, ila utakasaji unaoua vijidudu hauondoi vinasaba.

Muulizaji
Nashukuru. Je, sampuli ikichukuliwa kwa usahihi, shaka inakwisha?

Jibu la tatu
Haijaisha, kwa sababu kuna suala la utunzaji, na kwa maoni yangu hapa ndipo upelelezi mwingi huyumba. Kila aliyepokea kielelezo, tangu kilipookotwa hadi kinapofikishwa mahakamani, sharti aandike jina, tarehe na saa, na lakiri ikifunguliwa ielezwe ni nani aliyeifungua na kwa nini. Pengo likionekana katika kumbukumbu hizo, wakili wa utetezi atauliza kielelezo kilikuwa mikononi mwa nani wakati huo. Ufungaji nao una kanuni zake. Nguo yenye damu mbichi hukaushwa kwanza, kisha huwekwa katika mfuko wa karatasi, kwani plastiki hufungia unyevu, na unyevu huotesha ukungu na bakteria ambao huharibu vinasaba hata kabla mtaalamu hajavipima.