Matangazo ya mtaa wetu Nakuru yanatufikia mkutano ukishakwisha, na hilo si bahati mbaya

Wakazi wenzangu wa upande huu wa mashariki wa jiji, pamoja na ninyi wa Kaptembwo, Rhonda, London na Lanet ambao nina hakika mna malalamiko ya aina hii, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajifanya kwamba sina. Wiki iliyopita tangazo la kikao cha kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti liliwekwa katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu saa tatu usiku, likieleza kwamba kikao kingefanyika kesho yake saa tatu asubuhi, siku ya kazi, katika ukumbi wa kanisa ulio mbali na ukumbi wa kijamii tuliouzoea. Wengi wetu tulilisoma tangazo hilo wakati kikao kilikwisha kufunguliwa kwa sala, kikafungwa kwa sala, na picha za waliohudhuria zikawa zinasambazwa zikiwa na maelezo kwamba wakazi wa wadi wametoa maoni yao.

Wakazi gani? Ukizitazama picha hizo utawaona wale wale wanaoonekana katika kila kikao, wawe wanajadili barabara, maji, basari (msaada wa karo) au soko. Hawa hawasubiri tangazo la usiku, kwa sababu hupigiwa simu siku kadhaa mapema, hutumiwa gari, na jioni hurudi na nauli mfukoni. Sina ugomvi nao, kwani mtu akiitwa huitika. Ugomvi wangu ni na anayeshika orodha ya kuwapigia simu, kwa maana anayeweza kuwajulisha watu thelathini mapema anaweza kuwajulisha watu wote mapema, na akikosa kufanya hivyo amechagua kutofanya.

Ningekuwa mvumilivu kama kikao kingekuwa cha dharura. Mvua ikibeba daraja, hakuna anayedai notisi ya wiki mbili. Lakini mambo ya bajeti hayamshtukizi mtu yeyote katika nchi hii. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka kila kaunti iandae mpango wa maendeleo wa mwaka na kuufikisha katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, iwasilishe waraka wa mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Tarehe hizo zimeandikwa katika sheria na hazihami. Ofisa yeyote anayehusika anajua tangu Januari kwamba vikao vya maoni lazima vifanyike katika miezi fulani, na anaweza kukodi ukumbi, kuchapisha tangazo na kulibandika miezi kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba muda ulikuwa mfupi, namuuliza ni nani aliyeufupisha.

Jambo la pili ni waraka ulioambatanishwa na tangazo lile. Ulikuwa faili nzito ya mamia ya kurasa, yote kwa Kiingereza, imejaa majedwali ambayo kwenye simu ya kawaida huonekana kama mistari ya sisimizi. Mkazi alitarajiwa kuifungua usiku, aisome, aelewe ni fungu lipi linahusu wadi yake, kisha asubuhi asimame na hoja mbele ya watu. Hata mhasibu asingeweza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, katika kifungu cha 5, inasema kwamba habari za umma zisambazwe kwa kuzingatia lugha ya mahali, gharama, mahitaji ya watu wenye ulemavu, na njia ya mawasiliano inayofaa zaidi katika eneo husika. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, na hapa Nakuru, mjini ambamo majirani wa ploti moja huenda wametoka makabila matano, ndiyo lugha tunayonunulia sukumawiki na tunayoombolezea maiti wetu. Kurasa nne za Kiswahili, zinazoeleza wadi yetu imetengewa nini, zingetufaa kuliko faili zima lile.

Sasa tuje kwenye ubao wa matangazo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inautaja waziwazi miongoni mwa njia za kuwashirikisha wananchi, kwa ajili ya kutangaza kazi, zabuni na mambo mengine yenye umuhimu kwa umma. Sisi tunao ubao, una kioo na kufuli. Nilipopita kuutazama niliona kibandiko cha kampeni ya uchaguzi wa Agosti 2022 ambacho jua limekula sura ya mgombea, tangazo la chanjo lisilosomeka tarehe, na karatasi ya mtu anayeuza ploti ya futi 50 kwa 100. (Karatasi ya ploti ndiyo pekee iliyokuwa mpya, na sijui mwenyewe aliupataje ufunguo.) Niliulizia ofisini, nikajibiwa kwamba mwenye ufunguo yuko likizo na kwamba siku hizi mambo yote yako kwenye kundi.

Na hilo kundi lenyewe limefungwa. Wasimamizi peke yao ndio wanaoweza kuandika, na wanachoandika, ukiondoa tangazo la nadra lililochelewa, ni salamu za siku ya kuzaliwa kwa waheshimiwa, picha za mipira ikikabidhiwa vijana, na shukrani kwa kiongozi fulani kwa kuwasha taa ambayo ilizimika tena kabla ya mwezi kwisha. Linapofunguliwa kwa saa chache, anayeuliza swali la fedha hufutiwa ujumbe, na akirudia hutolewa. Aidha, kundi la WhatsApp lina kikomo cha wanachama, halimfikii mzee mwenye simu ya kubonyeza, halimfikii mama asiye na bando, wala halimfikii mpangaji aliyehamia mwezi uliopita. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 190,000 katika Nakuru Mashariki. Nani anaweza kusema kwa dhati kwamba amewajulisha watu wa eneo kubwa hivyo kwa kuweka ujumbe katika kundi lililofungwa?

Bajeti nimeitanguliza kwa sababu ndiyo kubwa, lakini tabia ni ile ile kwa matukio madogo ambayo kwa familia nyingi ndiyo makubwa zaidi. Fomu za basari hutangazwa zikiwa zimebakiza siku mbili kufungwa, na mzazi anayeuza viazi katika soko la Wakulima, anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia, hupata habari kutoka kwa mtoto aliyesikia shuleni, anakimbilia kupata mhuri wa chifu na kumkuta chifu ametoka. Usajili wa vitambulisho kwa vijana uliletwa karibu na kwetu, jambo jema kabisa, lakini vijana wenyewe waliambiwa mashine zikiwa zinapakiwa garini. Uwanja wa watoto ulifungwa wikendi nzima kwa ajili ya sherehe ambayo hatukuambiwa ni ya nani, na timu za mtaa zilizokuwa zimealika wageni zikarudi na jezi zao begani. Kambi ya macho ya bure nayo ilifanyika, wazee waliohitaji miwani wakaisikia Jumatatu iliyofuata kanisani.

Chama chetu cha wakazi kisijifiche nyuma ya serikali. Kinatukusanyia pesa kila mwezi za walinzi na za kuzoa takataka, na ujumbe wa kudai pesa hizo haujachelewa hata mwezi mmoja. Unakuja asubuhi ya tarehe moja ukiwa na nambari ya kulipia na jina la kila anayedaiwa. Ila mkutano mkuu wa mwaka, ambamo hesabu husomwa na pia viongozi huchaguliwa, tulitangaziwa siku ile ile, na viongozi waliokuwapo wakarudi bila kupingwa.

Nimekwisha kusikia utetezi, nao ni kwamba kuwafikia watu wa mjini ni kazi ngumu na ghali. Si kweli, na ushahidi tunao mtaani. Jirani akifiwa leo mchana, kufikia usiku kila ploti imejua: kamati imeundwa, mahali pa kukutania jioni pametajwa, siku ya mazishi imepangwa, matatu ya kwenda nyumbani Kisii, Nyandarua au Busia imepatikana, na aliyechanga shilingi hamsini ameandikwa jina. Kazi hiyo hufanywa na watu wasiolipwa, kwa karatasi iliyobandikwa dukani, kwa simu, na kwa vijana wa bodaboda. Tena mwaka 2022 magari ya vipaza sauti yalipita hata katika vichochoro ambavyo mkokoteni hupita kwa shida, yakatuamsha tukiwa bado kitandani kutuomba kura. Vipaza sauti vile havikuharibika vyote kwa pamoja baada ya tarehe 9 Agosti.

Utetezi mwingine unaniudhi zaidi, yaani kwamba wakazi wakiitwa hawaji. Watu huitwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, kwa notisi ya usiku mmoja, kwenye ukumbi unaohitaji matatu mbili, halafu wasipofika huandikwa kuwa hawajali. Wekeni kikao Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi tunaoweza kuufikia kwa miguu, mtangaze wiki mbili mapema, kisha tukishindwa kuja mtulaumu, nami nitawaunga mkono.

Tarehe 1 Desemba 2021 mji huu ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na tulicheza ngoma. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, ambayo ndiyo msingi wa hadhi hiyo, inawapa wakazi nafasi ya kukutana katika mabaraza yao, kujadili huduma na kutoa mapendekezo. Hadhi tuliipokea kwa shangwe, ila baraza la namna hiyo mimi sijawahi kualikwa, na kila jirani niliyemuuliza amenijibu vivyo hivyo.

Ninachodai si kigumu. Tangazo la kila kikao cha umma litoke angalau siku kumi na nne kabla, kwa Kiswahili, likitaja mada, mahali, saa na mahali pa kupata waraka uliofupishwa. Libandikwe kwenye ubao wenye ufunguo unaopatikana, kwenye lango la soko, kwenye zahanati, shuleni, na katika nyumba za ibada. Lisomwe redioni. Wazee wa Nyumba Kumi wapewe nakala, maana wao wanajua nani amehama na nani amehamia. Kundi la WhatsApp liendelee, lakini lisihesabiwe kuwa ndilo tangazo.

Pamoja na madai hayo nimeandika barua ya kuomba habari kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2016, kwa Kiswahili, kama kifungu cha 8 kinavyoruhusu. Naomba mambo matatu: tarehe ambayo uamuzi wa kufanya kikao cha wiki iliyopita ulifikiwa, mahali pote tangazo lilipobandikwa, na orodha ya waliotia sahihi ya kuhudhuria pamoja na kumbukumbu za maoni yanayosemekana tuliyatoa. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko yatakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, ambayo imepewa jukumu la kusimamia sheria hiyo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, kwa hiyo asije mtu akawaambia mchange.

Nakala ya barua itakuwa nje ya ukumbi wa kijamii Jumamosi ya wiki ijayo, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kwa yeyote anayetaka kuisoma na kutia sahihi. Njooni na kitambulisho. Wanaokosa kuona vizuri watasomewa. Wasimamizi wa kundi nao wanakaribishwa, na naamini watakubali kwamba notisi hii imewafikia kwa wakati.